Mchanga nyuma ya pikapu wakati wa theluji: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Theluji ya kwanza ikianguka hapa Minnesota, simu yangu haitulii. "Kaka, nimeweka mchanga, na gari bado linacheza." Nikienda kuangalia nakuta yaleyale. Viroba sita vimerundikwa kwenye mlango wa nyuma wa bodi, kwa sababu hapo ndipo mtu alipochoka kuvibeba. Au matofali matatu ya saruji yanatembea ovyo kila gari linapokata kona. Msimu uliopita nilimkuta ndugu mmoja ana pikapu inayovuta kwa matairi ya mbele, kaijaza mchanga nyuma, halafu anashangaa inakataa kupanda kilima cha kwenda kwake.

Basi nimeamua kuandika kila kitu mahali pamoja. Yashike mawili kabla hujaanza: uzito ukikaa pasipo mahali pake unaharibu kuliko kutokuwa nao kabisa, na uzito unakusaidia kuondoka, haukusaidii kusimama.

## Je, pikapu yako inauhitaji?

Nyumbani, wakati wa masika, pikapu ikizama kwenye tope utingo anapiga kelele vijana warukie nyuma, wakae juu ya matairi. Kazi ni ileile. Injini iko mbele, bodi ni tupu, na matairi yanayosukuma gari yako nyuma, kule kusiko na uzito. Juu ya theluji tairi linazunguka bure, linang'arisha barafu chini yake, na kadiri unavyokanyaga mafuta ndivyo unavyojichimbia.

Angalia gari lako liko kundi gani:

Linavuta kwa matairi ya nyuma peke yake. Mwongozo huu ni wako hasa.

Linavuta kwa matairi yote manne (4x4). Uzito kidogo unasaidia, hasa kwa wanaotembea na bodi tupu, kwa sababu muda mwingi barabarani unaendesha kwa matairi ya nyuma tu. Nusu ya kiasi nitakachotaja inatosha.

Linavuta kwa matairi ya mbele. Ford Maverick nyingi na baadhi ya Hyundai Santa Cruz ziko hivi. Usiweke chochote nyuma. Injini tayari imeyakalia matairi yanayovuta. Ukilemea nyuma huyasaidii, na mzigo ukikaa nyuma mno unayapunguzia uzito. Hela ya mchanga iongeze kwenye matairi ya theluji.

Kama hujui, fungua kitabu cha gari au muulize fundi. Jina la "pikapu" peke yake halikwambii inavuta wapi.

## Vifaa

- Viroba vya mchanga vya pauni 60 (kilo 27), vile virefu vyembamba vinavyorundikwa mbele ya maduka ya vifaa kuanzia Oktoba. Nunua mapema. Siku ya dhoruba vinaisha asubuhi.
- Mifuko mizito ya taka, ile ya mafundi ujenzi, miwili kwa kila kiroba, na gundi ya karatasi pana.
- Mbao mbili za inchi 2 kwa 6 za kukata upana wa bodi, na nyingine mbili fupi.
- Skrubu ndefu za mbao, inchi 3, kama 16.
- Mkeka wa mpira wa kutandika kwenye bodi.
- Mikanda miwili au minne ya kufungia mizigo, yenye kikazio cha chuma.
- Futi kamba, kipima upepo, chaki, na sarafu ya senti 25.
- Beleshi dogo. Utalihitaji hata ukifuata kila kitu humu.

## Hatua ya 1: Anza na matairi

Najua ulikuja kwa ajili ya mchanga. Subiri. Tairi lililokwisha meno halisaidiwi na mchanga hata ukipakia tani.

Chukua sarafu ya senti 25, itumbukize kwenye mfereji wa tairi kichwa cha Washington kikiangalia chini. Ukiona utosi wake wote, meno yamebaki chini ya milimita 3 hivi. Kiangazi unaweza kuvumilia. Kwenye theluji tairi hilo halina pa kushikia.

Kisha tafuta ubavuni mwa tairi alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Hiyo ndiyo alama ya tairi lililofanyiwa majaribio kwenye theluji. Herufi M na S peke yake hazitoshi. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na hapa Minnesota kuna wiki nzima za Januari hatuioni hata sifuri. Ukibadilisha, badilisha yote manne. Mawili mapya nyuma na mawili mabovu mbele maana yake gari linakwenda vizuri lakini halikati kona.

Halafu upepo. Joto likishuka nyuzi 5 hadi 6 za Selsiasi, tairi linapoteza takriban psi 1 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Tairi ulilolijaza psi 35 Septemba kukiwa na nyuzi 20, siku ya nyuzi 12 chini ya sifuri litakuwa karibu 29. Pima asubuhi kabla hujaendesha, ujaze kama kibandiko cha mlango kinavyosema. Ule ushauri wa kutoa upepo ili tairi "lishike zaidi" uache. Ni wa mchangani ufukweni, haufai kwenye barabara kuu.

Ukifanikiwa: matairi manne yana meno, na upepo ni ule wa kibandiko.

## Hatua ya 2: Soma kibandiko cha mlango

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo kwa pamoja, kwa kilo na kwa pauni. Namba hiyo inajumuisha wewe mwenyewe, abiria, zana, na huo mchanga.

Mfano: kibandiko kinasema kilo 680. Wewe una kilo 80, wenzako wawili wa kazini jumla 160, sanduku la zana na vilivyomo 135. Hapo umetumia 375, umebakiwa na 305. Viroba vinne ni kilo 108, kwa hiyo uko salama. Lakini siku ukipakia friji ya mtu, toa mchanga kwanza.

## Hatua ya 3: Amua viroba vingapi

Hivi ndivyo ninavyofanya kwa magari yanayovuta nyuma yakiwa matupu:

- Pikapu ndogo (Ranger, Tacoma): viroba 2 hadi 4, yaani kilo 55 hadi 110.
- Pikapu kubwa ya kawaida (F-150, Silverado, Ram 1500): viroba 4 hadi 6, kilo 110 hadi 160.
- Zile nzito zenye springi ngumu: 6, ukiona havitoshi ongeza cha saba.

Kama una sanduku la zana au kava la bodi la fiberi, hesabu uzito wake kwanza. Wengi wanao mzigo tayari ila hawajauhesabu.

Anza na kiasi cha chini. Watu hudhani viroba kumi vitafanya kazi mara mbili ya vitano. Matokeo yake nyuma inalala, pua ya gari inanyanyuka, mafuta yanaliwa, na breki zinachoka.

## Hatua ya 4: Tafuta mahali ekseli ilipo

Hapa ndipo wengi wanapofeli, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya bodi kuna nundu mbili, kushoto na kulia, zilizofunika matairi. Ekseli ya nyuma, yaani mhimili unaobeba matairi mawili ya nyuma, iko chini ya katikati ya nundu hizo. Simama nje, weka chaki ukingoni mwa bodi juu kabisa ya kitovu cha tairi, kila upande. Unganisha alama hizo mbili kwa mstari wa chaki sakafuni mwa bodi. Katikati ya mzigo wa mchanga inakaa juu ya mstari huo, au mbele yake kidogo kuelekea kwa dereva. Nyuma yake, hapana.

Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3.7. Ukiweka kilo 100 juu ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo inapata kilo 100 na mbele haijaguswa. Ukizisukuma hadi kwenye mlango wa nyuma, mita 1.1 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma inabeba kilo 130. Unaweza kufurahi: si ndiyo zaidi? Hizo 30 za ziada zimetoka mbele. Bodi imekuwa kama bembea ya watoto: nyuma inashuka, mbele inapanda. Na matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki.

Nilijifunza hili kwenye mchepuko wa kutoka barabara kuu ya 94, majira yangu ya pili ya baridi hapa. Viroba vyangu vyote vilikuwa mlangoni. Nikageuza usukani kulia, matairi yakageuka kulia, gari likaendelea mbele kama halijanisikia. Nilisimama ndani ya lundo la theluji hatua chache kutoka kwenye kingo za chuma. Halafu mkia nao, kwa kuwa mzigo wote uko mwishoni, ukianza kuzunguka haurudi kirahisi.

Na ukiweka mbele kabisa, nyuma ya kabini? Si hatari, ila sehemu ya uzito, kama robo hivi, inakwenda kwenye ekseli ya mbele ambayo haikuuomba.

Ukifanikiwa: una mstari wa chaki unaopita kati ya nundu mbili.

## Hatua ya 5: Tengeneza fremu ya mbao

Mchanga usiozuiwa unatembea. Siku ya kwanza uko kwenye ekseli, siku ya tatu, baada ya vilima na kona, uko mlangoni. Fremu hii haihitaji kutoboa bodi, na nakusihi usiitoboe: tundu moja na chumvi ya barabarani, kutu inaanza.

1. Pima upana wa bodi mbele ya nundu, ukuta hadi ukuta. Kata ubao mmoja upana huo, ukipunguza nusu inchi usibane.
2. Fanya hivyohivyo nyuma ya nundu.
3. Pima urefu wa nundu kutoka mbele hadi nyuma. Kata mbao mbili fupi za urefu huo, ukiongeza nusu inchi.
4. Tandika mkeka wa mpira. Kata pembe zake ulale bapa kati ya nundu.
5. Simamisha mbao kwa ukingo: moja ndefu mbele ya nundu, nyingine nyuma yake, na zile fupi zikiziunganisha zikipita ubavuni mwa nundu. Kaza kwa skrubu nne kila kona.

Tazama ilivyokaa. Zile mbao ndefu ni pana kuliko nafasi iliyo kati ya nundu, kwa hiyo fremu haiwezi kwenda mbele wala nyuma. Nundu zenyewe ndizo zinazoishika.

Ukifanikiwa: vuta fremu kwa mikono miwili kuelekea mlangoni kwa nguvu zako zote. Inagonga nundu na kugoma.

## Hatua ya 6: Vifunge viroba visilowe

Mchanga uliolowa ukiganda unakuwa jiwe. Mimi niliacha viroba vyangu wazi mwaka wa kwanza. Mvua ya Novemba ikanyesha, usiku ukaganda. Desemba nilipokwama na kutaka mchanga wa kumwaga chini ya tairi, nilivigonga kwa beleshi hadi mpini ukapasuka. Vilishikana na bodi mpaka Aprili.

Tia kila kiroba ndani ya mfuko wa taka, funga, pindua kichwa chini, tia ndani ya mfuko wa pili. Zungushia gundi mdomoni. Vipange vikiwa vimelala kwa upana wa gari, kimoja kimoja ubavuni mwa mwenzake, nusu upande huu wa mstari na nusu upande ule. Vikiwa idadi isiyogawanyika, kile cha ziada kiende mbele ya mstari. Visizidi tabaka mbili.

Kimoja zaidi, kikavu, weka ndani ya kabini nyuma ya kiti pamoja na kopo tupu. Hicho si cha uzito. Ni cha siku utakayokwama.

## Hatua ya 7: Kaza mikanda

Fremu inazuia mchanga kutambaa. Haizuii kuruka. Ukigonga kitu, kila kilichomo kwenye bodi kinaendelea na safari kuelekea kwenye kioo cha nyuma ya kichwa chako. Pitisha mikanda kwa kukingama, kutoka pete ya kona moja hadi ya kona ya pili, ikikatiza juu ya viroba. Kaza mpaka mkanda ukiugonga kwa kidole unalia.

Rudia kukaza baada ya siku mbili. Mchanga ukishatulia mikanda hulegea.

## Hatua ya 8: Pima gari baada ya kupakia

Nilipaswa kukwambia mapema: kabla ya kupakia, pima kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa madigadi, kila tairi, uandike. Ukishapakia pima tena.

Nyuma inatakiwa kushuka kidogo, pande zote mbili sawa. Mbele isipande, au ipande kiasi cha unene wa kidole kidogo tu. Ikipanda zaidi, mzigo wako uko nyuma mno. Rudi Hatua ya 4.

Usiku simama mbele ya ukuta uwashe taa. Nyuma ikishuka, mwanga wa mbele hupanda na kuwapiga wenzako machoni. Zipo skrubu za kurekebisha taa; kitabu cha gari kinaonyesha zilipo.

## Hatua ya 9: Jaribu pasipo na watu

Tafuta eneo la maegesho lililo tupu na lenye theluji, omba ruhusa, hakikisha hakuna nguzo za taa karibu.

Ondoka polepole. Gari litoke bila matairi kusaga. Likisaga kidogo kisha likashika, ni sawa.

Kwa mwendo wa maili 10 kwa saa, kata kona. Pua ifuate usukani. Pua ikikataa, mzigo uko nyuma. Mkia ukirushwa, ama umekanyaga mafuta mengi ama matairi ya nyuma hayafai.

Mwisho, kanyaga breki kwa nguvu. Pedali itatetemeka mguuni. Usiiachie, ni ABS, mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge, inafanya kazi yake. Kisha shuka utazame ulisimama umbali gani. Nataka uuone kwa macho yako, kwa sababu huo umbali haujapungua. Mchanga umeyaongezea matairi mshiko, lakini umeliongezea gari msukumo pia. Mkono mmoja unatoa, mwingine unachukua. Niliowavuta kutoka mtaroni, wengi walikuwa wameondoka kwenye taa vizuri sana.

## Usiweke hivi

Matofali ya saruji, vyuma, injini mbovu. Kiroba kikirushwa kinapasuka. Tofali linakuja zima.

Mapipa ya maji. Yanacheza, na yakiganda yanapasuka.

Mifuko ya saruji. Ikilowa inakuwa tofali. Soma hapo juu.

Chumvi. Inavuja, na bodi inaliwa.

Theluji yenyewe. Kila mwaka kuna mjanja anayeacha theluji ijae bodi akisema ni uzito wa bure. Imelalia kote, mlangoni pia, na ikiyeyuka juu kisha ikaganda chini, bodi nzima inakuwa kiwanja cha barafu.

Kuni. Zikifungwa hazina ubaya mkubwa, ila uzito unapungua kila mnapoota moto.

## Ukikwama hata hivyo

Acha mafuta mara tairi linapoanza kusaga. Kabla ya lolote, toa theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, gesi ya kaboni monoksaidi inaingia ndani, nayo haina harufu. Chimba mbele na nyuma ya kila tairi linalovuta. Mwaga mchanga wa kile kiroba cha kabini, kopo mbili kwa tairi, upande unaotaka kwenda, usiurushe juu ya tairi. Zima kidhibiti cha kuteleza, kitufe chenye picha ya gari na mistari ya kupinda, kwa sababu kinaikata injini nguvu unapotaka kulisukasuka gari mbele na nyuma. Ukishatoka, kiwashe tena. Na mtu yeyote asisimame nyuma ya tairi.

## Kutoa mchanga

Hapa kwetu natoa katikati ya Aprili. Kubeba kilo 150 kiangazi kizima ni kulipia mafuta ya mzigo usiouzwa. Viroba vizima vinahifadhika gerejini juu ya ubao, visiguse saruji yenye unyevu. Vilivyotoboka mwaga kwenye kiraka cha bustani au uwape watoto.

Inua mkeka, osha bodi kwa maji mengi, chumvi imejificha chini yake. Fremu ifungue skrubu za kona zote, uitoe ubao mmoja mmoja. Andika kwa rangi "mbele" na "nyuma" kwenye zile mbao ndefu, maana upana wake hutofautiana kidogo na Novemba hutakumbuka ipi ni ipi.